Kusajili hati si kusajili umiliki

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu sheria ya ardhi ya Uingereza, iliyosema kwamba huko mauzo ya ardhi yamekuwa yakisajiliwa kwa lazima tangu enzi za Mfalme Henry VIII. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1536 iliagiza hati za mauzo ziandikwe, ndani ya miezi 6, kwenye magombo ya mahakama za mfalme pale Westminster au mbele ya maofisa wa kaunti ilipo ardhi. Lakini agizo hilo liligusa umiliki wa kudumu tu, wala halikuhusu upangaji wa muda, na mawakili waliuona mwanya huo. Leo mnunuzi alipangishwa ardhi kwa mwaka mmoja, kesho yake muuzaji akamwachia kwa hati ya pili haki yote iliyosalia, na hapakuwa na cha kuandikisha popote. Ujanja huo, kama si dharau kuuita hivyo, ndio uliokuja kuwa njia ya kawaida ya kuuza ardhi kwa karne mbili hivi.

Hata madaftari ya hati yalipofunguliwa, katika maeneo ya England ya West Riding ya Yorkshire mwaka 1704 na Middlesex mwaka 1709, kilichoingizwa humo kilikuwa muhtasari wa hati. Hati batili ilibaki batili hata baada ya kuandikwa, na mnunuzi aliendelea kupekua karatasi za wamiliki waliotangulia. Kusajili umiliki ni jambo jingine: chini ya sheria ya mwaka 2002 inayotumika sasa, daftari lenyewe ndilo linalothibitisha umiliki, na anayepata hasara kwa kosa la daftari hilo anaweza kulipwa fidia. Usajili huu wa umiliki, uliokuwapo kabla ya sheria hiyo, ulienea kwa lazima England na Wales nzima mwezi Desemba 1990 tu.

Nje ya ardhi hakuna kanuni moja. Hati ya kubadili jina yaweza kuandikishwa mahakamani London, lakini hata isiyoandikishwa ni halali. Ilhali hati ya uwakilishi wa kudumu, inayompa mtu mamlaka ya kumwamulia mwenzake akili ikidhoofika, haitumiki kabla ya kusajiliwa.

Ningeshukuru masahihisho haya yakichapwa, maana aliyeiamini makala yenu anaweza kuuona muhuri wa daftari kwenye hati ya zamani akadhani amekwisha kuwa mwenye ardhi.

Msomaji wenu