Shukrani kwa kaka aliyeiokoa mishahara yetu

Jamani nina deni la shukrani hapa. Mwisho wa mwezi, watu wanasubiri mishahara, programu ya uhasibu inagoma kabisa, kila kompyuta inasema haiwezi kuunganisha na databesi, na aliyetuuzia hapokei simu. Basi kuna kaka alikuja ofisini kufuata risiti yake tu, akaona tunavyohangaika, akauliza, "Dada, mmebadilisha ruta karibuni?" Kweli ilibadilishwa! Akakaa kwenye sava, ile kompyuta kuu inayotunza data, akahakikisha SQL Server, programu inayoendesha databesi, inawaka, akaangalia anwani ya IP, yaani namba ya sava kwenye mtandao, akakuta imebadilika, ilikuwa inaishia na 10 sasa 37, huku kompyuta zote bado zinaitafuta ile ya zamani. Akairudisha ya zamani na kuifunga isibadilike tena, akafungua poti 1433, mlango ambao SQL Server huutumia, kwenye fayawoli, ule ulinzi wa kompyuta. Na hiki ndo kilichonigusa: kabla ya kugusa chochote alichukua bakapu kwanza, yaani nakala ya akiba ya data. Pesa alikataa, jina hakutaka niliweke. Kaka, watu walilipwa jioni ileile, Mungu akubariki sana. Na nyie mafundi mnaosoma hapa, mkiona ofisi imekwama ulizeni tu kama yeye.