Una Sukari? Ndiyo Maana Tunakupima na Moyo

Wateja wetu wengi wenye kisukari wakifika hapa kituoni kupima hutaka mambo mawili: kuchomwa kidole na kuondoka. Tukiwaambia wapande kitandani wapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, baadhi huguna. "Mimi nina sukari, moyo wangu mzima." Wengine hudhani tunaongeza bili. Wana haki ya kuuliza, na kaunta wakati wa asubuhi si mahali pa kuelezana kwa kirefu, kwa hiyo tunaeleza hapa.

Moyo una mishipa yake yenyewe ya kuulisha damu. Mikuu ni miwili, wa kulia na wa kushoto, nayo hugawanyika mpaka kufikia vishipa vyembamba kuliko unywele. Mshipa mkubwa ukianza kuziba taratibu kwa mafuta, moyo haukai bure. Misuli iliyopungukiwa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na protini hiyo huziamsha seli za kuta za mishipa ya jirani. Seli zinagawanyika, vishipa vipya vinachipua, na vile vidogo vilivyokuwepo tangu zamani vinatanuka hadi kuweza kubeba damu nyingi. Ni kama foleni ya Barabara ya Mandela: njia kuu ikisimama, madereva wanachepuka mitaani na wanafika. Wapo watu ambao mshipa mmoja mkubwa umeziba kabisa, lakini misuli yake bado iko hai kwa sababu ya mishipa hiyo ya mchepuko.

Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, kazi hii hulegea. Sukari iliyozidi kwenye damu hunata kwenye protini za kuta za mishipa na kuzikakamaza. Seli za utando wa ndani hupungukiwa na naitriki oksaidi, gesi inayoufanya mshipa utanuke na kuusaidia kuchipua. VEGF inaweza kuwepo, ila seli zinazotakiwa kuipokea zinaitikia kwa uvivu. Hata zile seli za ukarabati zinazotoka kwenye uboho wa mifupa huwa chache na dhaifu. Utafiti uliofanyika Uturuki na kuchapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa wenye mishipa ya moyo iliyoziba, ukakuta kwamba wenye kisukari walikuwa na mishipa ya mchepuko hafifu kuliko wasio nacho.

Kinachoshangaza ni kwamba kwenye jicho mambo huenda kinyume. Sukari hiyohiyo, ikishaharibu vishipa vya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), huotesha vipya vingi kupita kiasi, tena dhaifu, vinavyovuja damu hadi mtu akapoteza uwezo wa kuona. Ndiyo maana madaktari wa macho huchoma sindano za kuizuia VEGF. Kwa hiyo ukiletewa chupa ya "dawa ya kuotesha mishipa", muulize muuzaji: mishipa ya wapi? Sisi hatuuzi dawa hizo, na tumeshaombwa sana.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni ukimya. Kisukari huharibu pia mishipa ya fahamu, ikiwemo ile inayoleta maumivu ya kifua. Mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo asisikie kubanwa kifua. Atahisi kuishiwa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu au uchovu usio na sababu, na wengi husema ni vidonda vya tumbo. Dalili hizo zikikujia ghafla usije kwetu, nenda hospitali moja kwa moja.

ECG yenyewe haiumi. Unalala chali, tunabandika vinasio sita kifuani na vingine mikononi na miguuni, unatulia bila kuongea, na karatasi inatoka baada ya dakika chache. Inaweza kuonyesha mshtuko uliopita bila mwenyewe kujua. Lakini tuseme ukweli: karatasi nzuri haimaanishi mishipa yako ni safi, kwa sababu mshipa unaweza kuwa umepungua upana na kipimo kisionyeshe ukiwa umelala. Tukiwa na wasiwasi tunakuandikia rufaa kwa daktari wa moyo. Kwa walio Dar, mara nyingi ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kipimo cha kuingiza waya kwenye mishipa sisi hatufanyi.

Pamoja na ECG tunapima presha, mafuta ya damu na HbA1c, ile sukari ya wastani ya miezi mitatu. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiamini, maana mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kuchomwa kidole, lakini miezi mitatu haidanganyiki kirahisi. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Wazee na wale ambao sukari yao hushuka mno mara kwa mara hupangiwa lao na daktari. Kutembea kwa haraka karibu kila siku husaidia sana, kwani damu inayopita kwa kasi huichochea mishipa midogo itanuke. Anayevuta sigara anaiharibu kazi hiyohiyo.

HbA1c haihitaji kufunga. Ukiandikiwa sukari ya asubuhi, usile kwa saa 8, maji unaruhusiwa. Kama unachoma insulini, tuulize kwanza kabla ya kulala na njaa. Njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba, na uvae shati au blauzi inayofunguka mbele. Akina mama wakitaka kupimwa na mhudumu wa kike waseme tu, yupo.