Kaka, yule mchukuzi alisema nini?

Kaka yangu,

Salamu hizi nakutumia hadharani kwa sababu simu yangu hupokei, na ujumbe niliokuandikia baada ya hitima ya arubaini ya Baba haujapata jibu, na huu ni mwaka wa tatu. Kadi ya harusi ya mwanao imenifikia. Ni kadi nzuri, yenye herufi za dhahabu, na jina la Baba limewekwa mahali pake pa heshima. Hata hivyo, usiku ilipofika sikupata usingizi, nikakaa sebuleni kuitazama tena ile filamu kwa simu, sauti nimeishusha ili shemeji yako asiamke.

Wewe unajua ni filamu gani. Wasomaji wengine huenda hawaijui, kwa hiyo nitawaeleza kidogo. Inaitwa Queimada, ilitoka mwaka 1969, na mwongozaji wake ni Mwitaliano Gillo Pontecorvo, yuleyule aliyetuletea filamu ya vita vya Algiers mwaka 1966. Marlon Brando ni Mwingereza aitwaye William Walker, aliyetumwa na serikali yake katika kisiwa cha miwa cha bahari ya Karibi kilichokuwa mikononi mwa Wareno, awachochee watumwa waasi ili biashara ya sukari iangukie kwa Waingereza. Anamchagua mchukuzi wa bandarini aliyembebea mkoba siku aliyoshuka melini, José Dolores, anamfundisha kuiba dhahabu ya benki na kushika bunduki, kisha Wareno wakishaondoka anamshawishi aziweke silaha chini. Miaka kumi baadaye Walker anarudi, safari hii kwa mshahara wa kampuni ya sukari, kumwinda yule yule aliyemfanya jemadari, na ili ampate anakichoma kisiwa moto.

Hayo yanatosha kwa wageni. Sasa turudi kwetu.

Unakumbuka mimi nilikuwa darasa la sita na wewe kidato cha pili, na kile chumba cha video cha Majengo kilikuwa na mabenchi manne, pazia la gunia mlangoni, na televisheni iliyowekwa juu ya kabati ili hata walio nyuma waone. Baba hakuwa mtu wa video. Alikuja siku ile kwa sababu hamali mwenzake alimwambia kuna mchezo ambao mchukuzi anakuwa jemadari, naye akataka kumwona huyo mchukuzi kwa macho yake. Alikaa katikati yetu na ngata yake mapajani, maana alitoka kazini moja kwa moja. Ilikuwa ile ya kipande cha kanga nyekundu iliyoviringwa juu ya gunia, imelowa jasho la utosi wake hata nyekundu yenyewe ikawa nyeusi upande wa ndani.

Wewe ndiwe uliyekuwa mkalimani, na nitasema kweli mbele ya watu wote: ulitafsiri vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyemjua. Mwanzoni, meli inapokaribia nchi kavu na Walker anaelezwa kwamba jina la kisiwa maana yake ni kilichochomwa, kwa kuwa Wareno walikiteketeza chote ili kuwashinda wenyeji kisha wakaleta watumwa kutoka Afrika, ulimnong'oneza Baba neno kwa neno. Baba akasema kwa sauti, bila kujali watu, "Basi si kisiwa cha mbali, ni Mvita hii." Chumba kizima kikacheka. Hakukosea. Baba hakusoma shule, lakini wazee wa Mji wa Kale walimsimulia kwamba Wareno waliuchoma mji huu wa Mombasa. Mimi nilikuja kuyaona vitabuni baadaye: 1505 kwa mara ya kwanza, 1528 tena, na Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa 1593. Hata yule aliyelelewa na kubatizwa nao, Yusuf bin Hassan, sultani wa mji huu, ndiye aliyewageuka mwaka 1631 akaiteka ngome yenyewe, na walipoleta manowari kuirudisha aliwashinda, kisha akaondoka kwa hiari yake. Nashangaa hakuna aliyemtengenezea filamu.

Palipoonekana mjane akiukokota mkokoteni uliobeba mwili wa mumewe aliyeuawa na Wareno, Baba hakuangalia maiti, aliangalia magurudumu. Alisema mkokoteni ule umepakiwa vibaya, uzito uko nyuma. Na José Dolores alipokubali kuzisalimisha silaha, kwa sababu ameulizwa nani atakayeiuza sukari na nani atakayeongoza nchi naye hana jibu, Baba alifyonya, akasema, "Bunduki hizo hatazipata tena." Wewe ukamweleza kwamba José hakuwa na namna, kwamba nchi haiendeshwi na watu wasiojua kusoma. Ulisema hivyo huku umekaa ubavuni mwa mtu asiyejua kusoma. Sikudhani ulikusudia. Hata leo sidhani.

Ni baadaye sana nilipojua kwamba Evaristo Márquez, aliyeigiza kama José Dolores, naye hakujua kusoma. Wenye fedha walimtaka Sidney Poitier, mwongozaji akakataa, akaenda kumtoa mtu huyu San Basilio de Palenque, kijiji cha Kolombia kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, mtu ambaye hakuwahi kuigiza maishani mwake, akamsimamisha mbele ya Brando. Na anasimama, kaka. Katika sehemu za mwisho, amefungwa kamba, hasemi neno, Walker anahangaika mbele yake akimwomba akimbie, anamkatia kamba, naye hasogei, kwa sababu uhuru anaopewa na Walker hautaki. Pale Baba aliacha kuzungumza.

Kisha yakaja yale ambayo mimi na wewe hatujapata kuyazungumza. José amekwisha nyongwa. Walker anatembea gatini kwenda melini, mkoba mkononi, na nyuma yake inasikika sauti ya mchukuzi ikimwuliza lile swali aliloulizwa siku ya kwanza. Anageuka anatabasamu, kwa kuwa amedhani ni José, kumbe ni mwingine, na huyo mwingine anamchoma kisu. Chumba kilipiga kelele. Baba akakuinamia akakuuliza, "Yule mchukuzi alisema nini?"

Ukajibu, "Hakusema kitu."

Akauliza tena. Ukasema, "Baba, hakusema kitu, amempiga kisu tu." Kwenye benchi la mbele walikuwa wenzako wawili wa shuleni, na mmoja alikuwa amegeuka kutuangalia. Maneno yenyewe ni mawili, matatu ukitaka adabu: Mzigo wako, bwana? Baba aliyasema kila siku ya Mungu, Kilindini na Bandari ya Kale, nasi tukala kwa maneno hayo. Uliyatafsiri mabishano ya bei ya sukari na hotuba za Walker, ikakushinda sentensi ya mchukuzi.

Ningelisahau, Wallahi, kwa sababu ulikuwa mtoto, na kwa sababu baadaye ndiwe uliyenilipia karo miaka minne nawe huko Toronto ukiosha vyombo hotelini usiku. Hilo sijalisahau wala sitaacha kulisema. Lakini ulikuja katika arubaini yake, baada ya miaka kumi ya kutokuonekana, ukakaa mkekani na wakwe zako, na nilipopita na sinia la birika na vikombe nikakusikia ukiwaambia kwamba marehemu alikuwa karani wa forodha. Sikufananishi na Walker, ingawa na yeye alirudi baada ya miaka kumi, na siku ya pili yake ulipotoa karatasi za kuuza nyumba ya Majengo wazo hilo lilinipitia.

Watu wamekuja kukwambia kwamba nilikuaibisha. Nieleze nilichofanya, maana kimesimuliwa kwa namna nyingi. Niliweka sinia chini, nikaingia chumbani kwa Baba, nikaitoa ngata msumarini, nikaiweka mkekani mbele ya wakwe zako bila kusema neno. Sikupiga kelele. Sikukutukana. Hiyo habari ya kwamba nilikurushia usoni ni uongo. Kama ngata ya mtu aliyetulea ni tusi, basi aliyeigeuza tusi si mimi.

Ninachokuomba ni kidogo. Kabla ya harusi mkalishe mwanao, mweleze babu yake alifanya kazi gani. Mchumba naye aambiwe. Najua utasema huko mliko watu hupimana kwa ukoo kuliko hata Mombasa, na kwamba mimi niliyebaki nyumbani sijui ugeni unavyomvua mtu nguo. Huenda ni kweli. Ila aliyebaki nyumbani ndiye aliyemwogesha Baba miezi saba alipokuwa hawezi kunyanyua kikombe, na ndiye aliyekataa kutia saini zile karatasi, na nikiambiwa nichague tena nitakataa tena, hata kama kwa ajili hiyo hukunipigia simu siku ya Idi.

Harusini sitakuja. Fedha ya tikiti sina, na viza ni hadithi nyingine. Zawadi ya bibi harusi nitampa mtu anayesafiri.

Kuna jambo moja niliwaza kuliacha, lakini nimeshaandika mengi mno kuweza kujificha sasa. Darasa la sita nilikuwa najua Kiingereza cha kutosha. Nilimsikia yule mchukuzi vizuri kama ulivyomsikia wewe. Baba alipokuuliza mara ya pili aligeuka pia upande wangu, na mimi nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Na usiku ule wa kadi, nilipofika pale gatini mwa mwisho, nilisimamisha picha, kwa sababu ndipo nilipokumbuka namna Baba alivyokuwa akituchekesha tukiwa wadogo kwa kuwaigiza abiria wa meli za Bombay na mabaharia wa Kitaliano. Alikuwa na maneno ya mzigo kwa Kihindi, kwa Kiarabu, kwa Kitaliano kibovu. Kwa Kiingereza aliyajua kuliko sisi sote. Ndiyo maneno ya Kiingereza aliyokuwa nayo.

Alijua yule mchukuzi amesema nini, kaka. Alikuuliza makusudi.

Ndugu yako mdogo