Shukrani za familia kwa msiba wa Mama, na kwa ule wa 1996

Familia yetu ya Tabata, Dar es Salaam, pamoja na ndugu zetu wa Kamachumu mkoani Kagera na wa Mwanza, inatoa shukrani za dhati kwa wote mliosimama nasi tangu Mama alipolazwa hadi tulipompumzisha mwezi huu wa Aprili. Si rahisi kumfikia kila mmoja mlangoni kwake, hivyo tunaomba mzipokee kwa maandishi haya. Mimi mtoto wa tatu ndiye niliyetwishwa kalamu, eti kwa kuwa nina maneno mengi. Basi mnivumilie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, paroko wetu, jumuiya ndogondogo, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walioimba usiku kucha hadi sauti zikakauka, mjumbe wetu, na vijana wa mtaa waliofunga turubai huku mvua ya masika ikiwapiga mgongoni. Kamati ya mazishi tunaishukuru kwa namna ya pekee, hasa mweka hazina, aliyesoma mapato na matumizi mbele ya watu hadi shilingi ya mwisho. Kwa misiba ya mjini siku hizi, hilo peke yake lastahili shukrani. Rambirambi zenu ndizo zilizolipa gari la kubeba mwili na kosta mbili kwenda na kurudi Kagera.

Wengi mmeuliza kwa nini msafara ulishika njia ya Mwanza, wakati ukifika Tinde njia fupi ni ya Kahama na Biharamulo. Lilikuwa agizo la Mama. Na agizo hilo halielezeki bila kutoa kwanza shukrani nyingine, ambazo familia hii haijawahi kuzitoa.

Jioni ya Mei 20, 1996, Baba alipanda MV Bukoba katika bandari ya Kemondo. Alikuwa ametoka kumzika mjomba wake, anarudi Dar. Afike Mwanza, ashike treni. Baba mdogo alimsindikiza akambebea mkungu wa ndizi mpaka kwenye ngazi ya meli. Tiketi yake ilikuwa ya daraja la tatu. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, meli ikiwa imeikaribia Mwanza, ikapinduka. Ilitakiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na mpaka leo hesabu zinapishana, kwa kuwa orodha ya abiria ilikuwa na majina ya daraja la kwanza na la pili tu. Wa daraja la tatu hawakuandikwa.

Tulikuwa tumepanga Buguruni wakati huo. Jirani yetu muuza mkaa, mzee wa Kirufiji, aliitoa redio yake barazani, akatia betri mpya kwa hela yake, akaongeza sauti ili Mama asikie akiwa ndani. Tukasikiliza Radio Tanzania asubuhi, mchana na usiku. Jina la Baba halikusomwa kwa waliokufa wala kwa waliopona. Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani kutosomwa ni habari njema.

Majirani wakachanga nauli, ikaandikwa kwenye daftari la shule la kaka, na mjomba akapanda treni ya Mwanza. Alifika uwanja wa Nyamagana, ilikolazwa miili ili ndugu waje kuitambua. Alipita mstari kwa mstari, leso puani, akarudia tena toka mwanzo. Hakumwona. Pale alikuta watu wanasimulia jinsi meli ilivyobaki ikielea kifudifudi, watu wakigonga kwa ndani, na jinsi bati lilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. Mjomba alitueleza hayo mara moja tu, na hakuyarudia mpaka anaingia kaburini.

Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Zikaisha, bendera zikapandishwa, sisi bado tuko chini kwenye mikeka. Wazee walishindwa kuelewana: msiba usio na maiti unaanuliwa lini? Wengine walisema tungoje, wengine wakasema watoto warudi shule. Imamu wa msikiti wa jirani alikuja na mikeka mingine kwapani, akijua fika kwamba nyumba ile ni ya Wakatoliki, akamwambia Mama: "Mama watoto, kaa kadiri moyo wako utakavyotaka. Mikeka hii haina haraka." Na mwenzake Mama pale gengeni aliuza nyanya za Mama pamoja na zake, siku zote hizo, na kila jioni akaleta fedha zimefungwa kwenye pindo la kanga: pindo moja za Mama, pindo la pili zake, zisichanganyike.

Hawa wote hawakuwahi kushukuriwa hadharani. Mama alishikilia kwamba shukrani za msiba husemwa matanga yakianuliwa, na yake hayajaanuliwa. Kwa hiyo leo tunasema: asante mzee wetu wa mkaa, uliyetangulia, na watoto wako popote mlipo. Asante Imamu. Asante Mama Mkubwa wa genge, uliyekuja Tabata na mkongojo wako ukakataa kiti, ukakaa chini pamoja na wafiwa. Asanteni wote mlioandikwa katika lile daftari, tunalo bado.

Tangu mwaka ule Mama hakupanda tena chombo chochote cha majini. Dada alipoolewa Kigamboni, sisi tulivuka na pantoni, yeye alizunguka kwa basi Mbagala na Kongowe, nusu siku barabarani, mpaka Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220, tulikimbilia kuzima televisheni. Akatuzuia. Swali lake lilikuwa moja: "Wameandikwa?"

Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Alipolisikia akasema, "Sasa nitavuka." Akaagiza kwamba akifa, apitishwe kwanza Igoma, kwenye makaburi ya wengi wa meli ile, kisha avushwe kwenye daraja hilo kwenda nyumbani. Ndivyo tulivyofanya. Pale Usagara tuliiacha njia kuu, tukaenda Igoma. Tunawashukuru wakazi wa Igoma, ambao hatuwajui na hawatujui, lakini walipoona gari la msiba limesimama waliacha shughuli zao wakaja kuimba nasi. Tunamshukuru na padri aliyemtaja Baba kwa jina mbele ya makaburi yale, Mama akiwa garini. Kamachumu tumeanua matanga yote mawili kwa siku moja. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe.

Misa ya shukrani itakuwa Alhamisi, Mei 21, 2026, meli ikiwa imetimiza miaka 30 tangu izame. Itasomwa nyumbani Tabata, saa 10 jioni, na baada ya hapo tutakula pamoja. Wa Buguruni mtachukuliwa na kosta kituo cha Sheli saa 9 kamili. Dereva hasubiri mtu, tumeshamwonya. Ndugu Waislamu, chakula chenu kitapikwa na akina mama wa msikitini wenyewe, kama walivyoomba.

Pia tumebaki na sufuria mbili kubwa, deli moja la bluu na viti vya plastiki ambavyo havina alama. Mwenye navyo afike nyumbani wakati wowote. Ukimkosa mtu, mwulize fundi cherehani wa mlango wa pili, ufunguo uko kwake.