Ukali wa mbwa: tuulize wazazi na malezi, si jina la mbegu

Kwa Mhariri,

Mbwa akimrarua mtu mtaani, iwe Nyali, Kizingo au Bamburi, mjadala unaofuata huwa ule ule. Upande mmoja unataka mbegu fulani zipigwe marufuku, Rottweiler na Boerboel zikitajwa mwanzo. Upande wa pili unashikilia kwamba hakuna mbwa mbaya, ubaya ni wa mwenye mbwa. Tunaofanya kazi na mbwa hatuwezi kuunga mkono upande wowote, maana kila mmoja umeshika nusu ya jambo na kuitupa nusu nyingine.

Damu ina kazi yake, na anayekana hilo hajafuga mbwa wengi. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza jaribio la mbweha wa kufugwa huko Novosibirsk, Urusi. Alipandisha wale tu waliovumilia kukaribiwa na binadamu, na baada ya vizazi vichache wakazaliwa mbweha wanaotikisa mkia wakiona mtu. Kundi jingine, lililochaguliwa baadaye kwa ukali, likatoa mbweha wanaovamia wavu wa kizimba mtu akisogea. Wote ni mbweha wa aina moja. Kilichowatofautisha ni mama na baba waliochaguliwa kuzaa.

Basi tabia hurithiwa, ila hurithiwa kwa wazazi, wala jina la mbegu halitoshi kuibashiri. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, zaidi ya 2,000 kati yao wakiwa wamepimwa jeni. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Katika kipengele kinachotuhusu hapa, yaani wepesi wa mbwa kukasirika anapochokozwa, mbegu haikusaidia kubashiri karibu chochote. Hao walikuwa mbwa wa nyumbani walioelezwa na wenye kuwafuga, kwa hiyo mtu asiyafanye matokeo hayo kuwa neno la mwisho kuhusu mbwa wa ulinzi wa Tudor. Lakini yanatosha kumfanya mnunuzi abadilishe swali. Badala ya kuuliza kama ni Rottweiler kamili, aombe kumwona mama wa vilebu (watoto wa mbwa) akiwa mbele ya mgeni. Muuzaji akisema mama hafunguliki, au yuko shamba, au alishauzwa, ondoka na pesa zako. Jike mwoga au anayerukia wageni huwapa watoto wake tabia hiyo mara mbili: kwa damu, kisha kwa mfano wake katika wiki zile wanazokuwa naye.

Jambo ambalo mbegu hulieleza kwa uhakika ni uzito. Dume la German Shepherd huwa na kilo 30 hadi 40, Rottweiler hufika 50 na kuzidi, Boerboel wa Afrika Kusini hupita 60. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, wa maswali kwa wenye mbwa, uliwakuta Dachshund na Chihuahua miongoni mwa wanaowakalia watu kwa ukali zaidi. Nani atakwenda kituo cha polisi kwa kuumwa na mbwa wa kilo tatu? Kwa hiyo mbegu hukadiria ukubwa wa jeraha vizuri kuliko inavyokadiria kama jeraha litatokea, na mwenye mbwa wa kilo 50 ana wajibu mzito kuliko jirani yake mwenye kijibwa cha manyoya meupe. Hilo hatulipingi hata kidogo.

Tunachopinga ni orodha za marufuku. Uingereza ilipitisha sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kuzitaja mbegu nne, Pit Bull Terrier ikiwemo. Idadi ya wanaolazwa hospitalini kwa kuumwa na mbwa iliendelea kupanda katika miongo iliyofuata, na mwisho wa 2023 serikali ikalazimika kuongeza mbegu ya tano, XL Bully. Uholanzi iliiondoa marufuku yake ya Pit Bull mwaka 2008. Hapa Mombasa, ambako mbwa wengi wanaouzwa kwa majina makubwa hawana karatasi yoyote ya nasaba, askari wa kaunti angebaki kukisia kwa kutazama kichwa na rangi.

Sasa malezi, na hapa ndipo penye uzito. Kipindi kinachoamua mengi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Anachokutana nacho kilebu kwa amani katika wiki hizo hukihesabu kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho huja kukiona ni tishio, na mbwa mwenye hofu akikosa pa kukimbilia huuma. Chukua kilebu aliyeingizwa kwenye boma lenye ukuta wa futi nane. Anamjua mwenye nyumba, yaya na bawabu, basi. Hajawahi kuona mwanamke wa buibui na nikabu, mzee wa kanzu na bakora, mkokoteni wa maji, tuktuk, wala mtoto anayekimbia. Akifika mwaka mmoja na kilo 45, lango likaachwa wazi dakika moja na mama wa buibui akapita, yatakayotokea watu watayaita mbegu. Wengine watasema hakufundishwa. Huenda alifundishwa sana: kaa, lala, njoo, vyote anavijua. Amri hazimwondolei mbwa hofu ya kitu asichokijua, na wanaolipia mafunzo ya amri wakidhani wamenunua utulivu wanapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Kikwazo ni ugonjwa wa parvo, unaoua vilebu wengi. Chanjo ya kwanza hutolewa wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Anayemfungia kilebu ndani hadi chanjo ziishe amemkinga na parvo na kumpotezea kipindi chote cha kuzoea. Njia ya kati ipo. Siku 7 hadi 10 baada ya chanjo ya kwanza, mtoe akiwa amebebwa mikononi au kwenye kikapu, bila kukanyaga ardhi wanakopita mbwa wengine. Kaa naye ndani ya gari karibu na kituo cha matatu, au pembeni mwa soko la Kongowea, dakika tano hadi kumi, kabla ya saa mbili asubuhi au jua likishapungua. Chagua mambo mawili au matatu kwa siku, yasizidi.

Katika matembezi hayo chukua mapafu yaliyochemshwa ya kumzawadia, yakate vipande vya ukubwa wa harage. Kitu kigeni kionekane kwanza, kisha nyama itoke. Kikiondoka, nyama ikome. Wengi hugeuza mpangilio huu: wanatoa nyama kwanza ili kumtuliza, halafu mgeni anatokea, na mbwa anajifunza kwamba nyama ni ishara ya balaa inayokuja. Kilebu akikataa kula, mmesogea mno. Rudi nyuma mpaka ale. Kumshikilia kwa nguvu mbele ya anachokiogopa "ili azoee" humnyamazisha kwa muda tu, na hofu inabaki ndani.

Nyumba nyingi za hapa kwetu hazigusi mate ya mbwa kwa sababu ya twahara, na hilo lisiwe kisingizio. Fiqhi imeruhusu mbwa wa ulinzi, na nyama yaweza kudondoshwa chini au kutolewa kwa kijiko cha mpini mrefu. Tatizo halisi ni kwamba mbwa huachiwa bawabu, na bawabu hubadilishwa kila kampuni ya ulinzi inapobadilishwa. Kila bawabu mpya anapaswa kumlisha mbwa kwa siku kadhaa kupitia kizimba, mwenye nyumba akiwapo, kabla mbwa hajafunguliwa akiwa naye usiku.

Yako pia mambo yanayofanywa kwa makusudi. Kuna wanaotia pilipili kwenye chakula, wanaomfunga mbwa gizani mchana kutwa, na wanaomlipa kijana amchokoze kwa gunia na fimbo akiwa kwenye mnyororo. Pilipili huleta maumivu ya tumbo, hailindi nyumba. Kumchokoza mbwa aliyefungwa kunamfundisha kwamba watu ni adui na kwamba kukimbia hakuwezekani, na siku mnyororo ukikatika hatachagua mwizi na kumwacha msoma mita. Uchunguzi wa Denver, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta uwezekano wa mbwa aliyemuuma mtu kuwa ni mbwa wa kufungwa mnyororo ni karibu mara 2.8 kuliko wa mbwa ambaye hajauma. Uchunguzi huo huo, kwa haki, uliwakuta German Shepherd na Chow Chow mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa miongoni mwa waliouma watu, na madume kuliko majike.

Kipigo nacho kinajibiwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliripoti majibu ya wenye mbwa wenye matatizo ya tabia: kati ya waliowahi kumpiga au kumrushia teke mbwa wao, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali, na kati ya waliomkodolea macho, asilimia 30. Baya zaidi ni kumwadhibu mbwa anaponguruma. Kabla ya kuuma, mbwa hulamba midomo, hugeuza kichwa, huonyesha weupe wa jicho, hukakamaa, kisha hunguruma. Ukimchapa kwa kunguruma hujaondoa hasira yake, umeondoa king'ora. Ndiyo maana tunasikia kila mara, "aliuma ghafla tu."

Mbwa mkubwa aliyekuwa mtulivu akabadilika, kwanza aonwe na daktari wa mifugo. Pwani hii imejaa kupe. Wakijaa masikioni, au wakimletea homa, mbwa huuma mkono unaomgusa kwa sababu anaumia. Meno yaliyooza na nyonga mbovu hufanya vivyo hivyo. Mabadiliko ya ghafla pamoja na kutoka udenda au kushindwa kumeza yanaweza kuwa kichaa cha mbwa: mfungie bila kumgusa, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Ikiwa mwili ni mzima, rudia kazi ile ya umbali na nyama, ila kwa mbwa mzima hesabu miezi. Kuhasi hupunguza kuzurura na kugombania majike, hofu haitibu.

Akitolewa nje, avae kizuizi cha mdomo cha mfano wa kikapu kinachomruhusu kufungua kinywa na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya ni hatari katika joto la Mombasa, kwa kuwa mbwa hujipoza kwa kuhema.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama mbwa anajulikana. Mbwa naye afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu tayari kinamtia hatiani asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama wake. Ikiwa bunge la kaunti litaandika sheria ndogo juu ya mbwa, tunapendekeza iandikwe kwa mbwa mmoja mmoja. Kila mbwa awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kinachohuishwa kila mwaka. Mwenye mbwa wa zaidi ya kilo 30 awe na milango miwili kati ya mbwa na barabara, mmoja ukifunguka mwingine uwe umefungwa. Kilebu asiuzwe kabla ya wiki 8, na mnunuzi awe na haki ya kumwona mama. Mbwa akimuuma mtu, tukio liandikwe kwa jina la mwenyewe, ili akinunua mwingine rekodi imfuate. Kibao cha "Mbwa Kali" getini kisihesabiwe kuwa tahadhari.

Wakufunzi wa mbwa,
Mombasa