Gemu za hadithi sio muvi ya kubonyeza

Mhariri salaam, pole na majukumu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa akasema hizi gemu za hadithi, zile ambazo mtu unakaa na steringi mmoja mwanzo mpaka mwisho unapigana unapanda milima unatafuta funguo, ni muvi tu ya kubonyeza, na kwamba bora mtu aangalie muvi yenyewe masaa mawili akalale. Nimesoma nikacheka, alafu nikasema hapana huyu lazima ajibiwe, sababu kuna sehemu kasema kweli tupu na kuna sehemu kapotea kabisa, na kwa mtu asiyecheza hizo sehemu mbili hawezi kuzitenganisha.

Tuchukue Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018. Unamcheza Arthur Morgan, jambazi wa Marekani mwaka 1899, yupo kwenye genge la mzee mmoja anaitwa Dutch van der Linde, mzee wa maneno matamu balaa. Kwenye hilo genge kuna mtu kazi yake kukopesha wanyonge kwa riba, na Arthur ndo anatumwa kwenda kukusanya, yaani kausha damu kabisa kama hawa wa mtaani kwetu wanaobeba mpaka godoro. Sasa kwenye chapta ya pili unatumwa kwa mdaiwa mmoja anaitwa Thomas Downes, mkulima, mgonjwa, anakohoa tangu unamuona. Gemu haikai pembeni ikakuonesha video Arthur anampiga huyo mzee, inakwambia bonyeza. Na wewe unabonyeza, sababu unataka misheni iishe uende ukavue samaki. Katikati ya kipigo yule mzee anamkoholea Arthur usoni. Basi, unaondoka, unaenda kuwinda, unacheza karata, unanunua farasi mpya, umeshasahau. Masaa mengi sana mbele Arthur anaanza kukohoa, anadondoka barabarani kwenye mji wa Saint Denis, daktari anamwambia una kifua kikuu, na enzi hizo hiyo ni hukumu ya kifo.

Muvi ingekuonesha mtu mbaya anampiga mgonjwa, ungesema huyu jamaa katili, ungeendelea na bisi zako. Hapa aliyepiga ni wewe. Najua huyo msomaji atasema lakini gemu haikukupa njia nyingine, usingebonyeza ungekaa pale mpaka asubuhi. Kweli. Ila muulize yeyote aliyeimaliza, akikusimulia anasema "nilimpiga yule mzee wa deni", hasemi "Arthur alimpiga". Mi sijawahi kumsikia mtu katoka kuangalia muvi anasema nilimuua fulani.

Hiyo ndo hoja yangu yote kwa kweli: hadithi ya gemu ikiwa nzuri inapita kwenye mikono. Na ikipita kwenye video za katikati peke yake, zile katisini, alafu mikono imeachiwa kupiga risasi tu, hapo nakubaliana na msomaji asilimia zote, hiyo ni muvi mbovu iliyokatwakatwa na vita.

Na zipo nyingi za hivo, tena zenye majina makubwa. Uncharted kwa mfano, mi naipenda, usinielewe vibaya, lakini steringi wake Nathan Drake kwenye video ni kijana mcheshi, anataniana na rafiki zake, anampenda mke wake, mtu poa kabisa, alafu video ikiisha unaua watu kijiji kizima kabla hujafika kwenye video inayofuata ambayo anaendelea kutania kama hamna kitu. Wenyewe Naughty Dog, studio iliyoitengeneza, wanajua, kwenye Uncharted 4 ya 2016 wameweka trofii, yaani tuzo ndogo ya ndani ya gemu, ya kuua maadui 1000 na jina la hiyo trofii ndo lile lile neno ambalo wachambuzi wanalitumia kuwasema kwa kosa hilo, yaani wamegeuza lawama kuwa utani. Tomb Raider ya 2013 ndo kabisa, steringi wake Lara anaua mtu wa kwanza analia, anatetemeka, unamuonea huruma mtoto wa watu, dakika chache baadae anapiga mishale ya kichwa kama kazaliwa nayo. Hapo mkono na hadithi havijuani.

Hata Red Dead niliyoisifia ina ugonjwa wake. Nje ya misheni uko huru kama ndege, ndani ya misheni wamekufunga kamba shingoni. Ukisema ngoja nizunguke nyuma ya nyumba niwavizie, inaandika umeshindwa, rudia. Jamani! Mmenipa dunia nzima na farasi alafu mnanichagulia pa kukanyaga? Na kuna ile tabia imeenea siku hizi, unafika kwenye fumbo, hujakaa hata sekunde kumi unaliwaza, mwenzako ndani ya gemu ashakwambia jibu. God of War Ragnarök ya 2022 inakera sana kwa hilo, unatamani umwambie Atreus, mtoto wa steringi Kratos, we mtoto nyamaza.

Ila God of War ya 2018 yenyewe acha tu. Kratos na mwanae wamebeba majivu ya mama wa mtoto wanataka kuyamwaga kwenye kilele cha juu kuliko vyote, basi, hadithi nzima ni hiyo, na kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho, hamna kuruka kutoka hapa kwenda pale. Wanatembea kwa mtumbwi, na humo mtumbwini ndo stori zinapigwa, kuna kichwa cha mzee anaitwa Mimir kinaning'inia kiunoni kwa Kratos kinasimulia visa vya miungu, na mkifika ufukweni anakatisha, mkirudi mtumbwini anaendelea alipoishia. Mi nilikuwa nazunguka ziwani bila sababu ili amalize. Hakuna aliyenilazimisha kusikiliza, nilipiga kasia mwenyewe. Na lile shoka ukilirusha unaliita linarudi mkononi na pedi ya kuchezea inatetemeka, hapo bila maneno ushamuelewa huyo Kratos ni mtu wa aina gani.

Ghost of Tsushima nayo, 2020, Jin Sakai anapigana na Wamongolia waliovamia kisiwa mwaka 1274, badala ya kukuwekea mshale mwekundu juu ya kioo kukuonesha njia wameweka upepo. Unaita upepo, majani yanalala kuelekea unakotakiwa kwenda, unaufuata. Kitu kidogo lakini macho yanabaki kwenye nchi badala ya kubaki kwenye ramani ya pembeni.

Sasa nije kwenye ile iliyogombanisha watu, The Last of Us Part II. Kama hujaicheza na unataka kuicheza ruka hii aya, nimekuonya. Sisi tumekulia kwenye imani kwamba steringi hafi. Hawa jamaa wakamuua Joel mapema tu, kwa fimbo ya gofu, Joel yule yule ambaye gemu ya kwanza ya 2013 ulimvusha Marekani nzima akiwa na binti anaitwa Ellie. Watu waliumwa. Unaanza kumtafuta muuaji ukiwa na Ellie, mji wa Seattle, una hasira za kweli, unaua kila anayekatiza, alafu katikati ya gemu wanakunyang'anya Ellie wanakupa huyo huyo muuaji, Abby, wanasema haya, mcheze huyu. Unajifunza marafiki zake, hofu yake ya kwenda juu, baba yake alikufaje na nani alimuua. Na inafika sehemu unapigana na Ellie ukiwa Abby, yaani unamvizia mtoto uliyemlea. Watu kibao waliichukia kwa hilo, wengine walisema wamesalitiwa. Mimi naona ni jambo ambalo muvi haiwezi kukufanyia, sababu kwenye muvi ukimchukia mtu unakaa unamchukia, hapa ili uendelee lazima umlinde asife. Kosa lake ni urefu, zile siku tatu za Abby zinavutwa weee mpaka unasahau ulikuwa na hasira na nani, wangekata robo ingekuwa kali zaidi. Na ule ugomvi wa mwisho wa ufukweni, wawili wamekonda wamechoka, bado gemu inakwambia bonyeza umpige, mi vidole viligoma. Kilichogoma ni vidole ujue, macho yalikuwa yanaangalia tu.

Lakini mhariri kuna jambo huyo msomaji hakuligusa na naona ndo chanzo cha watu wengi huku kwetu kuziona hizi gemu ni za kupoteza muda. Tumejifunzia gemu kwenye mabanda. Banda la gemu linalipisha kwa mechi au kwa muda, una mia mbili yako, kuna foleni nyuma yako, aliyefungwa anatoka. Kwa mfumo huo mpira ndo unafaa, na ngumi. Nani atalipia dakika za kuangalia video ya watu wanaongea Kiingereza cha haraka? Ukiikuta video unabonyeza iruke, na walio nyuma wanakupigia kelele ruka hiyo. GTA San Andreas, gemu ya 2004, hamna kijana wa Dar au Mwanza au Mombasa wa umri wangu hajaigusa kwenye PS2, tulikuwa tunajua kwa kichwa mabatani ya kuita kifaru na ya kuongeza silaha, lakini misheni hatukumaliza maana memori kadi ni ya mwenye banda na ukirudi kesho unaanza upya. Muulize mtu leo CJ, steringi wake, alirudi mji wa Los Santos kufanya nini, atakwambia kuiba magari. Alirudi kumzika mama yake! Na waliomsaliti ni marafiki aliokua nao mtaani. Ile ni hadithi ya msiba na usaliti, sisi tulicheza nayo kama uwanja wa kugonga watu, na sio kosa letu, ndo hela iliyokuwepo.

Siku hizi wengi wana PS4 za mtumba nyumbani, ila bado kuna bando. Red Dead 2 inazidi GB 100, kwenye PS4 inakuja na diski mbili, moja ya kuinstoli tu. Ukisema uipakue kwa bando la simu ni mshahara huo. Kwahiyo watu wanaangalia mtu mwingine akicheza YouTube, na hapo ndo kweli inakuwa muvi, ndugu msomaji, labda na wewe uliionea huko.

Na lugha. Hizi gemu zinaongea sana, na utani wao na mafumbo yao yako kwenye Kiingereza cha kijijini cha Marekani ambacho hata mwalimu wa Kiingereza anashika kichwa. Ndo maana mwaka 2024 nilifurahi kuiona Tales of Kenzera: Zau. Kaitengeneza Abubakar Salim na studio yake, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, huyo huyo aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ile ya Misri. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake, na humo ndani steringi Zau anaenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, anataka kubadilishana naye ili amrudishe baba yake. Anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, anapigana kama anacheza ngoma. Na unaweza kuweka sauti za Kiswahili! Wanaongea Kiswahili kabisa mwanzo mpaka mwisho, sio neno hakuna matata moja la kuombea pesa. Mapigano yake yanajirudia, sifichi, ukishazoea vinyago viwili unaanza kuchoka. Ila kuna sehemu unafika kwenye mbuyu, Zau anakaa chini yake, anaongea kuhusu marehemu baba yake, na ukinyanyuka uhai wako umeongezeka. Mtu anakaa chini anaomboleza ndo anapata nguvu, na wewe ndo uliyembonyezea akae. Tukirudi kwenye ubishi wetu, hiyo nayo ni muvi? Shida tu haipo kwenye PS4, iko PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta, kwahiyo waongea Kiswahili wengi gemu yenye lugha yao wameisikia kwa jirani.

Nanyi gazeti mtusaidie, kurasa zenu za michezo neno gemu likionekana ujue ni mpira wa kwenye TV au ni kubeti. Muvi mnachambua, bongo fleva mnachambua, weka hata safu ndogo mara moja kwa mwezi mtu aandike gemu fulani inahusu nini, inafaa umri gani maana hizi nyingi nilizotaja ni za watu wazima na wazazi wanawanunulia watoto wa darasa la nne bila kujua, na inahitaji GB ngapi.

Na huyo msomaji kama yuko tayari kujaribu, asianze na Red Dead, masaa ya mwanzo ni theluji na farasi wa kujikokota atakata tamaa mapema. Aanze na God of War ya 2018, diski ya mtumba inapatikana na PS4 ya kawaida inaicheza vizuri tu. Awashe maandishi ya chini, akae mwenyewe bila foleni nyuma yake, na akifika ziwani Mimir akianza stori asikimbilie kushuka mtumbwini. Akimaliza aandike tena hapa, tubishane vizuri.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam