Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mapokezi ya wanafunzi wapya, futari ya pamoja, semina mbili za kuomba kupandishwa cheo. Zote zilifanyika. Kamati nawashukuru.

Nije kwenye sahihi yangu. Wapo wanaosema nimeiuza jumuiya yetu ya hapa chuoni kwa kuunga mkono ombi la chuo la tuzo ya shaba ya Race Equality Charter, mpango wa usawa wa rangi katika vyuo vya Uingereza, bila mkutano. Mkutano niliuitisha mara mbili. Wa kwanza mlikuja saba, wa pili tisa. Akidi ni ishirini. Siku ya mwisho ya maombi haikutungoja.

Mnasema tuzo ni nembo tu ya kupambia barua za chuo. Lakini nisingeingia kwenye kamati ya chuo ya ombi hilo, nisingeliona jedwali la takwimu za wafanyakazi. Athena Swan, mpango wa usawa wa kijinsia vyuoni, tangu 2005 inafuatilia wanawake. Mpango huu wa rangi ulizinduliwa 2016. Mwanamke mweusi anahesabiwa kotekote na haonekani popote. Nikadai takwimu za jinsia na rangi kwa pamoja. Zikaja: kitivo wanachofundisha dada zetu wawili, kisanduku chao kimeandikwa 0. Kanuni ya HESA, wanaokusanya takwimu za vyuo Uingereza, ni kwamba 0, 1 na 2 zote huandikwa 0, watu wasitambulike. Faragha naielewa. Ila mmoja wao nilipishana naye ngazini asubuhi hiyohiyo, amekumbatia rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikasema kikaoni: huyu si sifuri.

Sasa mpango wa utekelezaji ulio kwenye ombi la chuo una aya inayotaka kila idara iwasikilize wahusika wenyewe pale hesabu inapowameza. Aya hiyo niliiandika mimi, na niliitetea vikao vitatu peke yangu. Mwaka 2021/22 maprofesa weusi nchini hawakufika 200 kati ya zaidi ya 20,000. Kwa uchache huo, tukisusa nani atatusemea?

Ada. Tupo 64, waliolipa 23. Pauni 276 zimeingia, 410 zimetoka. Pengo la 134 nimeliziba mwenyewe. Sidai, ila mjue.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuwapatia wanafunzi wetu wa uzamivu walezi wa kitaaluma, na kuonana na uongozi wa chuo kuhusu mishahara.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.